Uzi: Pesa ya kumfadhili mtoto kijijini inapita njia gani, na inakwama wapi

Mizani

Wakuu, ufadhili wa watoto ukitajwa tu, watu hugawanyika pande mbili. Hawa wanasema pesa yote inaliwa ofisini, wale wanaamini mtoto hupokea fungu lake mkononi kila mwezi. Wote hawajauliza pesa ikishatoka kwa mfadhili inaingia kwenye kapu lipi. Tuongee kwa hatua na hesabu, hasira tuziweke pembeni.

Mifumo ni mitatu, na usipoitenganisha utabishana hadi asubuhi.

Wa kwanza ni wa mtoto mwenyewe. Anaandikishwa kituoni, mara nyingi kituo cha kanisa la pale pale, anahudhuria siku maalumu za wiki, na karo, sare, vitabu na matibabu yake yanalipwa kwa jina lake. Compassion International, lililoanza Korea mwaka 1952, ndilo mfano unaojulikana zaidi.

Wa pili ni wa kapu la kijiji. Michango ya wafadhili wote wa eneo moja inachanganywa, kisha inajenga madarasa, inachimba visima, inafunza wahudumu wa afya. Mtoto wa kwenye picha ni mwakilishi wa wenzake. World Vision, Plan International na ActionAid wamefanya kazi kwa sura hii miaka mingi.

Wa tatu ni wa makao ya kifamilia kwa watoto waliokosa malezi ya wazazi. Shirika la SOS Children's Villages ndio wenye jina hapo, kijiji chao cha kwanza kilianzishwa Imst, Austria, mwaka 1949. Huu una mambo yake, tuuache.

Mizizi ya jambo hili ni vita. Plan ilianza mwaka 1937 kwa ajili ya watoto wa vita vya Hispania. Shirika tunaloliita leo ChildFund lilianza mwaka 1938 kwa watoto wa China. Mtoto kapoteza wazazi, mtu wa mbali anajitolea kumlipia, anatumiwa picha na barua: mlipaji mmoja, mtoto mmoja. Vita vikaisha, mashirika yakahamia vijijini, ambako shida ni shule isiyo na choo na zahanati isiyo na dawa, na mtoto ana mama na baba wake. Kazi ikabadilika, tangazo likabaki la mtoto mmoja. Nusu ya ugomvi wetu inatoka hapo.

DaftariLaKaya

Niongezee kwenye uchaguzi wa watoto, maana mradi ukikosea hapo huko mbele ni kuziba viraka.

Orodha ya kwanza iwe ya kaya zote. Ukianza na "tuleteeni watoto maskini" utaletewa watoto wa wenye sauti. Wahudumu wa mradi wapite nyumba kwa nyumba waandike vinavyoonekana: paa la nini, sakafu ya nini, maji yako dakika ngapi kwa mguu, wanakula wangapi chungu kimoja, mlezi ni nani, mtoto gani hayuko shuleni na sababu yake. Kipato usikitegemee, kila mtu hukipunguza akiona kalamu ya mradi. Kamati ya kijiji ipange kaya kwa mafungu, halafu majina yasomwe mkutanoni kabla hayajaenda ofisini, na watu wapewe kama wiki mbili za kuweka pingamizi. Kamati inayoogopa kusoma majina hadharani, chungulia, utamkuta mpwa wa mwenyekiti.

Makosa yanajirudia kila mahali. Wanaandikishwa wa karibu na barabara kwa kuwa kuwatembelea ni rahisi. Wenye ulemavu wanaachwa kwa sababu siku ya kuandikisha hawakuwepo shuleni, na hawakuwepo kwa sababu hawajawahi kupelekwa. Nyumba moja inapata nafasi mbili, jirani hana hata moja. Mtoto anaingia kwenye mashirika mawili kwa majina mawili, la shuleni na la nyumbani. Na umri unapunguzwa, kwa sababu wazazi wanajua mradi hautaki mtoto mkubwa atakayekaa miaka michache tu. Dawa ya hilo la mwisho ni kadi ya kliniki au cheti cha kuzaliwa, na kama hakuna, ulinganishe na ndugu zake waliomtangulia na waliomfuata.

Ridhaa: mlezi asaini, mtoto naye aulizwe. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unamtambua kwenye kifungu cha 12 kuhusu maoni yake na cha 16 kuhusu faragha. Aonyeshwe mfano wa picha na aelezwe nani ataiona. Mlezi aambiwe waziwazi kwamba ufadhili si mkopo, na kwamba akikataa mwanawe atachota maji kisimani kama wengine.

MfadhiliMgeni

Mizani, samahani kama swali ni la kitoto. Nikilipa kwenye mfumo wa kapu, yule niliyepewa picha yake anapata nini ambacho mwenzake wa dawati moja hapati?

Mizani

Si la kitoto hata kidogo, matangazo ndiyo hulikwepa. Kwa upande wa vitu, karibu hakuna. Anapata barua zako, na anapata jicho: mtu anapita kwake kila baada ya miezi michache, akiacha shule inajulikana, akiugua inajulikana. Darasa, kisima na vitabu ni vya wote. Ukitaka yeye apate na mwenzake akose, unalipia wivu.

Ukiacha kulipa hafukuzwi. Kapu linapungua, yeye anaunganishwa na mfadhili mwingine. Kwenye mfumo wa mtoto mwenyewe jambo ni zito zaidi, maana bili zina jina lake. Hapo uliza kama kuna mfuko wa kushika watoto waliokosa mfadhili, na unaweza kuwashika miezi mingapi.

Hesabu_Haiongopi

Watu wanagombania asilimia ya utawala bila kuijua kazi. Chukueni mradi wa watoto 300. Kila mmoja aonwe ana kwa ana mara nne kwa mwaka: ziara 1,200. Kila mmoja aandike barua mbili, kadi moja ya shukrani, na aandikiwe taarifa moja ya mwaka yenye picha mpya: karatasi 1,200. Siku za kazi ukitoa wikiendi, sikukuu na likizo ni kama 220. Ni ziara tano na ushee na karatasi tano na ushee kila siku, na hapo mvua haijafunga njia.

Mhudumu anayetembea kwa miguu kati ya nyumba zilizotawanyika, akikaa dakika 40 kila nyumba, anamaliza nne kwa siku kama hadanganyi. Nne mara 220 ni 880. Ziara 320 hazina mwenyewe, na karatasi hazijaguswa. Kwa hiyo watoto 300 wanataka wahudumu wawili wa ziara na mmoja wa karatasi. Ukisikia mradi wa ukubwa huo una mtu mmoja, ziara nyingi zimeandikwa mezani.

Ziara za mezani zina alama zake. Tarehe zote ni za Ijumaa. Wino ni mmoja kuanzia Januari hadi Juni. Urefu wa mtoto haujaongezeka mwaka mzima. "Anaendelea vizuri" kwa watoto 40 mfululizo. Mkaguzi makini hupiga kura apate asilimia 10 ya majina, anakwenda bila kutoa taarifa, anamuuliza mlezi mara ya mwisho mhudumu alipita lini, ndipo anafungua jalada. Akianza na jalada atakuwa ameshaambiwa jibu.

Sasa asilimia. Uliza gharama ya barua na picha imeandikwa fungu gani. Huyu anaiita kazi ya mradi, yule anaiita gharama ya kutunza wafadhili. Wawili wenye matumizi yale yale watatoa asilimia tofauti, na wewe utamsifu aliyepanga safu vizuri. Kuna pia sarafu: ahadi iko kwa fedha ya mfadhili, fundi analipwa kwa fedha ya nchi yake. Bajeti inaweza kupungua katikati ya mwaka bila mtu kuiba hata senti.

Pindo

Dokezo kwa wanaonunua vifaa, maana viatu ndivyo huharibu siku ya ugawaji. Msinunue kwa umri. Mtoto akanyage karatasi, mchore mguu, jioni mguu ukiwa umetanuka, ongezeni sentimita moja, na ugawaji ufanyike ndani ya wiki sita. Mkichelewa muhula mzima mtagawa viatu vya mwaka jana. Sare iwe na pindo la sentimita 5 la kufumua mwakani. Na mkoba usiandikwe jina la shirika mgongoni, mtoto hahitaji bango la umaskini wake.

Bahasha

Nazungumzia barua, maana mfadhili hukasirika hapo kwanza.

Njia yake: mhudumu anampelekea mtoto karatasi, mtoto anaandika, barua inakaguliwa, inatafsiriwa, inapigwa picha na kutumwa, upande wa pili inakaguliwa tena. Miezi miwili au mitatu kwa upande mmoja ni jambo la kawaida. Skana imefupisha safari ya posta, foleni ya watafsiri iko pale pale.

Tatizo kubwa ni barua za ubaoni: "Mpendwa mfadhili, mimi sijambo, mvua inanyesha, mama anakusalimu," mara 40, na nyumba ile ile imechorwa chini. Msilaumu watoto. Ofisi imetoa tarehe ya mwisho, mhudumu kawakusanya wote Jumamosi moja, kaandika ubaoni, wakanakili. Inazuilika ukigawa kazi: watoto wachache kila wiki kwa muhula mzima. Wa chini ya miaka minane wachore, mhudumu aandike sentensi mbili walizosema wenyewe na aweke wazi kwamba aliyeandika ni yeye. Wakubwa wajibu swali moja tu kutoka kwenye barua ya mfadhili, lenye jibu la kweli. Ndiyo maana nawaomba wafadhili waulize yanayojibika: unatembea na nani kwenda shule, somo gani linakusumbua, nani anachekesha nyumbani. Swali la "unataka nikuletee nini" linamweka mtoto kwenye kuomba.

Mkaguzi anaondoa anwani, simu, jina kamili la shule na maombi ya pesa, kwa pande zote mbili. Pia anazuia ahadi ya "siku moja nitakuja nikuchukue". Mfadhili huiandika kwa mapenzi, mtoto huisoma kama tarehe.

Na kuna hatari ya karatasi kuendelea kuishi kuliko mtu. Mwaka 1998 gazeti la Chicago Tribune lilichapisha uchunguzi ambao waandishi wake walikuwa wamefadhili watoto kupitia mashirika kadhaa makubwa, kisha wakaenda kuwatafuta. Mmoja alikuwa amekwisha kufariki, na mfadhili hakuwa ameambiwa. Kinga yake ni ile ziara ya kila miezi mitatu aliyoitaja Hesabu_Haiongopi, pamoja na sheria moja: mtoto asiyeonwa ziara mbili mfululizo, barua zake zinasimama hadi apatikane.

Kipima_Upepo

Viatu, bahasha, wino. Inasaidia au haisaidii? Mbona mnazunguka?

Mizani

Swali la haki. Utafiti unaotajwa zaidi ni wa Bruce Wydick, Paul Glewwe na Laine Rutledge, uliotoka kwenye jarida la uchumi la Journal of Political Economy mwaka 2013. Walichukua taarifa za watu 10,144 katika nchi sita: Bolivia, Guatemala, India, Kenya, Ufilipino na Uganda. Mbinu ilikuwa nzuri: mradi ulipofika kijijini ulichukua watoto wasiozidi miaka 12, kwa hiyo kaka na dada waliokuwa wamepita umri huo wakawa kipimo. Wazazi wale wale, nyumba ile ile, tofauti ni kuzaliwa mapema.

Waliofadhiliwa walisoma zaidi kwa mwaka 1.03 hadi 1.46. Waliomaliza sekondari waliongezeka kwa pointi za asilimia kati ya 11.6 na 16.5. Uwezekano wa kupata kazi ya mshahara ukubwani nao ulipanda.

Kabla hujashangilia, huo ni mfumo wa mtoto mwenyewe, na shirika ni moja, Compassion. Mtu wa mfumo wa kapu akikuonyesha namba hizo kwenye kipeperushi, anaazima shati la jirani. Faida ya kisima haionekani kwa kumlinganisha mfadhiliwa na kaka yake, wote wanakunywa maji yale yale, na hilo linafanya mfumo wa kapu uwe mgumu kupimwa kwa njia hii. Halafu utafiti haukutenganisha vizuri kilichofanya kazi: ni karo, au ni miaka mingi ya kukaa na mtu mzima anayekuuliza unataka kuwa nani? Wydick na wenzake wameendelea kuisaka hiyo ya pili, hadi kwa kuchambua michoro ambayo watoto wa Indonesia walijichora wenyewe. Mimi naegemea huko. Karo peke yake hulipwa na wengi, mtu wa kumfuata mtoto miaka tisa ni adimu.

ZahanatiNdogo

Kwenye afya wazo la "mtoto wangu" huwa linavunjika lenyewe. Mfano ni dawa ya minyoo. Albendazole ni miligramu 400 mara moja kwa mtoto wa kuanzia miaka miwili, nusu yake kwa wa miezi 12 hadi 23, na wadogo wapondewe kidonge wasipaliwe. Ukiwapa wafadhiliwa 15 kwenye darasa la 60, wale 45 wataendelea kuchafua udongo ule ule na wako watarudi na minyoo. Unatibu darasa zima, au unapoteza dawa.

Utepe wa kupimia mkono pia hutumiwa vibaya. Chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali, kuanzia 115 hadi chini ya 125 ni wa wastani, lakini viwango hivyo ni vya miezi 6 hadi 59. Kumfunga nao mtoto wa miaka minane na kuandika "kijani", yaani rangi ya utepe ya mtoto aliye salama, ni kujaza fomu tu. Mkubwa apimwe uzito na urefu, na grafu isomwe kwa umri wake.

Vyoo vya shule: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) ni tundu moja kwa wasichana 25, na kwa wavulana 50 tundu moja na sehemu ya kukojolea. Mlango uwe na komeo la ndani, na maji yawe karibu. Choo kisicho na komeo, msichana aliyevunja ungo hakitumii, anabaki nyumbani, halafu ripoti inasema "utoro".

MfadhiliMgeni

Na zawadi? Nikituma pesa ya sikukuu yake ya kuzaliwa nafanya kosa?

DaftariLaKaya

Tuma, ila ndani ya kiwango cha juu cha shirika, na usikasirike wakikirudisha kilichozidi. Utaratibu salama ni mlezi, mtoto na mhudumu kwenda kununua pamoja, risiti ikae kwenye jalada, picha ipigwe, mtoto aandike alichopata. Pesa taslimu isishikwe na mhudumu peke yake hata kwa usiku mmoja. Wengi huchagua mbuzi, godoro au mabati, kwa sababu vinafaa nyumba nzima. Ukipokea picha ya mbuzi badala ya baiskeli, hujatapeliwa. Ukitaka kukwepa wivu kabisa, elekeza zawadi kwenye kapu la darasa.

Picha hizo nazo: mtoto awe amevaa kwa staha, jina la kwanza tu, na taarifa za mahali zilizojificha ndani ya faili la picha zifutwe kabla ya kutumwa. Picha, jina la kijiji na jina kamili vikiwa pamoja mtandaoni, mtu yeyote anaweza kusimama mlangoni kwao. Mfadhili anayetaka kumtembelea apitie ofisini, akaguliwe rekodi yake, na asiachwe na mtoto peke yao. Wema wake haumwondolei hatua yoyote.

Hesabu_Haiongopi

Imebaki kuondoka. Miradi ya kapu hupangwa kwa miaka 10 hadi 15 katika eneo moja, na tarehe ya kufunga inapaswa kujulikana na kijiji tangu mwanzo, kisha ikumbushwe miaka mitatu kabla. Kinachoanguka kwanza ni gharama za kila mwezi: mshahara wa mwalimu wa ziada, mafuta ya pampu, mhudumu wa chekechea. Jengo linabaki, mtu anaondoka. Kwa hiyo msimweke mwalimu kwenye bajeti ya ufadhili bila barua ya mamlaka ya elimu inayotaja mwaka watakaomchukua. Pampu iwe na kamati inayokusanya ada tangu wiki ya kwanza, hata kidogo, ili vipuri vya mwaka wa tatu viwe na pesa. Ada ikianza mradi ukishaaga, watu watasema maji yalikuwa bure.

Walezi waingie mapema kwenye vikundi vya kuweka na kukopa. Mfumo unaotumika sana ulianzishwa na shirika la CARE huko Niger mwaka 1991: wanachama 15 hadi 25, kila mmoja ananunua hisa moja hadi tano kwa kikao, sanduku la kufuli tatu na funguo kwa watu watatu tofauti, mgawo mwisho wa mzunguko wa miezi 9 hadi 12. Mgawo upangwe uangukie wiki ya kufungua shule. Shirika lisiweke pesa yake sandukuni, maana wanachama wakijua ni ya mgeni, marejesho yanalegea.

Kipima_Upepo

Na mtoto aliyebakiza miaka miwili amalize, mradi ukifungwa?

Hesabu_Haiongopi

Orodha yao ifanywe miaka mitatu kabla, jina kwa jina, na karo iliyobaki itengwe akaunti ya shule kwa hati yenye saini ya mlezi, mkuu wa shule na kamati. Barua ya kuaga iandikwe na mtoto mwenyewe, na ya mfadhili imfikie kabla ofisi haijafungwa. Akihama kabla ya hapo, jalada limfuate anakokwenda kama kuna mradi. Kama hakuna, mlezi apewe nakala ya matokeo ya shule na kadi ya kliniki, zilizobaki zihifadhiwe kwa muda wa kisheria na kuharibiwa. Majalada ya watoto yaliyoachwa stoo bila kufuli ni kosa ninaloliweka sawa na wizi wa hela.

Pindo

Na viatu vilivyobaki stoo, gawa. Vinapasuka soli vikikaa.